Dawa zilizobaki, sindano, pedi na vipodozi vilivyokwisha: mwongozo kamili wa kuviondoa nyumbani bila kumdhuru mtu

Wengi mnakwama mahali pale pale. Kabati mmeshalisafisha, dawa zilizopita muda mmezitenga mezani, halafu hamjui mzipeleke wapi. Mwisho wake vitu vinaishia chooni au kwenye moto wa uani, na kote huko ni pabaya.

Choo cha shimo hakiyeyushi pedi wala plastiki, na dawa inayomwagwa humo inazama taratibu kuelekea maji ya chini ya ardhi. Mitaa mingi yetu kisima hakiko mbali na choo. Moto wa uani nao hauna joto la kutosha. Tanuri za kuteketezea dawa huhitaji zaidi ya nyuzi 850 za Selsiasi. Moto wa majani na makaratasi haukaribii huko, kwa hiyo unayeyusha vifungashio vya plastiki na kutoa moshi wa sumu ambao wanaouvuta kwanza ni watoto wanaocheza hapo hapo.

Kabla ya kutupa chochote, jiulize nani atakigusa baada yako. Yuko mtoto wa jirani, kijana wa gari la taka, mwokota chupa wa dampo la Pugu Kinyamwezi (Dar es Salaam) au Dandora (Nairobi), na fundi wa kunyonya majitaka. Hatua zote zifuatazo zimepangwa kwa ajili ya watu hao, katika nyumba ya kawaida ya Tanzania au Kenya.

## Andaa vifaa hivi kwanza

Usianze kabla havijatimia. Ukianza nusunusu, utaacha vidonge mezani na kwenda kutafuta selotepu, na mtoto hangoji.

- Magazeti ya zamani ya kutandika mezani na kufungia.
- Glavu. Za kuoshea vyombo zinatosha, lakini ukishazitumia kwa kazi hii zisirudi jikoni.
- Chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ya jiki au ya sabuni ya maji ya kufulia. Chupa ya maji ya kunywa haifai, sindano inaitoboa kirahisi.
- Kopo la bati lenye kifuniko, mfano la maziwa ya unga.
- Ndoo ndogo au kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana.
- Udongo mkavu, maranda ya mbao, au makapi ya chai na kahawa.
- Chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, kwa ajili ya zebaki tu.
- Selotepu pana, mkasi, na kalamu yenye wino usiofutika.
- Boksi la karatasi la vitu vitakavyorudishwa hospitali au duka la dawa.

Onyo kuhusu kitu cha kuchanganyia dawa: usitumie machicha ya nazi, pumba wala makombo ya chakula. Lengo ni kufanya dawa isiliwe, na vitu hivyo vinaita kuku, paka na mbwa. Udongo na makapi ya chai havimvutii mnyama.

## Hatua ya 1: Toa kila kitu na usome tarehe vizuri

Pitia kabati, droo, mkoba wa mama, sanduku la huduma ya kwanza, dashibodi ya gari na rafu ya bafuni. Weka vyote mezani mchana, penye mwanga.

Tafuta neno EXP. Likifuatwa na mwezi na mwaka tu, kwa mfano EXP 08/2026, maana yake dawa inafaa mpaka siku ya mwisho ya Agosti. MFG au MFD ni tarehe ya kutengenezwa. Ukizichanganya hizo mbili utatupa dawa nzima, au utabaki na mbovu.

Kuna vitu ambavyo tarehe ya boksi haisaidii tena mara tu unapovifungua:

- Dawa ya unga ya mtoto, kama amoksilini, ikishatiwa maji hudumu kati ya siku 7 na 14 kulingana na kiwanda. Soma lebo. Ile iliyobaki tangu homa ya mwezi uliopita haifai, hata kama chupa inasema 2027.
- Matone mengi ya macho hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, kwa sababu vijidudu huingia kupitia ncha ya chupa.
- Insulini nyingi zikishaanza kutumika hudumu takriban wiki 4.
- Vipodozi vingi vina mchoro wa kopo lililo wazi na maandishi kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua. Andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya kopo siku hiyo hiyo, la sivyo utasahau.

Tupa pia kidonge kisicho na jina, kilichobadilika rangi, kilicholainika au kunuka tofauti. Kidonge cheupe kilicho peke yake ndani ya bahasha ya kaki isiyo na maandishi hakuna anayeweza kukwambia ni nini.

Usigawe antibiotiki zilizobaki kwa jirani mwenye kikohozi. Nusu dozi ya mtu mwingine ndiyo inayowafundisha vimelea kuishinda dawa.

Utajua umefaulu: kila kilichorudi kabatini kina jina, kina tarehe inayosomeka, na unajua ni cha nani na cha ugonjwa gani.

## Hatua ya 2: Gawa mafungu kabla ya kufungua chochote

Usianze kumwaga. Kaa utenganishe: dawa zinazopaswa kurudi kituoni, dawa za kawaida, vitu vyenye ncha na makali, chochote chenye zebaki, makopo ya kupuliza na betri, vipodozi vya maji na vya mafuta, halafu pedi na pampasi.

Sababu ni kwamba kinachofaa fungu moja kinaua kwenye jingine. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha inawaka. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi inayochoma mapafu, na ikikutana na amonia ni hivyo hivyo. Kwa hiyo sheria ni moja kwa kazi nzima: kimiminika kimoja hakikutani na kingine, hata kama vyote viwili ni mabaki.

## Hatua ya 3: Rudisha zinazopaswa kurudishwa

Kwa dawa, kituo cha afya au duka la dawa ndilo chaguo la kwanza. Hospitali na maduka ya dawa yana utaratibu wa kutenga dawa mbovu, na uteketezaji wake husimamiwa na mamlaka: Tanzania ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Si kila duka la dawa muhimu litapokea mfuko wa nyumbani kwako, kwa hiyo uliza kwanza na umuulize mfamasia mwenyewe. Aliyekaa kaunta mara nyingi atasema hapana kwa sababu hajui. Ukikataliwa, nenda hospitali ya wilaya au muulize afisa afya wa kata.

Kuna dawa ambazo hupaswi kuzishughulikia nyumbani hata kidogo:

Mofini ya maji na dawa nyingine kali za maumivu. Nyumba iliyomuuguza mgonjwa wa saratani mara nyingi hubaki na chupa ya mofini dirishani. Baada ya msiba hakuna mwenye moyo wa kugusa vitu vya marehemu, na chupa inakaa pale huku nyumba imejaa wageni na watoto. Tafadhali, hili lisingoje arobaini. Dozi iliyokuwa ikimtuliza mgonjwa aliyeizoea inaweza kumsimamishia pumzi mtoto. Mpe mtu mmoja wa familia jukumu la kuirudisha hospitali au kwa wahudumu wa tiba shufaa walioitoa, na awakabidhi mkononi.

ARV na dawa za kifua kikuu. Zirudishe kliniki ileile, mfano CTC (kliniki ya VVU) unakochukulia. Huhitaji kujieleza sana. Kuhesabu vidonge vilivyobaki ni sehemu ya kazi yao. Najua wengi huzitupa mbali usiku kwa kuogopa kuonekana. Tia kopo ndani ya mfuko wa kawaida wa sokoni, panga juu yake vitu vingine, na uende nalo siku yako ya kliniki. Kopo likitupwa jalalani likiwa na lebo, siri yako iko mikononi mwa yeyote atakayeliokota.

Dawa za saratani, vikiwemo vidonge kama methotreksati. Zishike kwa glavu, usizivunje wala kuzisaga, na zibaki ndani ya vifungashio vyake.

Inhela ya pumu pia rudisha ukiweza. Hata ikionekana tupu, ndani bado ina gesi yenye mgandamizo. Gesi inayotumika katika inhela nyingi inapasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi hicho hicho cha kaboni dayoksidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoitoboa.

Utajua umefaulu: boksi limetoka mikononi mwako kwenda kwa mhudumu anayejua ni nini, na kila chupa bado ina lebo ya jina la dawa. Jina la mgonjwa ndilo unaloruhusiwa kulifuta.

## Hatua ya 4: Dawa za kawaida zilizokosa pa kurudi

Hapa ni vidonge vya maumivu, vitamini, dawa za kikohozi, krimu za fangasi na nyingine za kawaida, pale ambapo umeuliza na hakuna aliyezipokea.

1. Toa vidonge na kapsuli kwenye pakiti zake, uvitie moja kwa moja kwenye ndoo ndogo. Usivisage, kwa sababu vumbi lake utalivuta. Kwa nini uvitoe? Kwa sababu pakiti nzuri yenye dawa ndani ina thamani kwa mtu wa dampo, na inaweza kurudi mtaani ikauzwa.
2. Dawa ya maji imimine juu ya udongo mkavu ndani ya ndoo hiyo mpaka inyonywe yote. Ukiona maji yanasimama, ongeza udongo.
3. Funika kwa makapi ya chai au maranda, angalau kiasi mara mbili ya dawa, kisha koroga kwa kijiti. Unataka tope zito la kuchukiza ambalo hakuna atakayechambua kidonge ndani yake.
4. Funga kifuniko, zungushia selotepu mara kadhaa, andika juu: SUMU, USIFUNGUE.
5. Weka kwenye taka za kawaida asubuhi ya siku ya gari la taka. Usiiweke usiku uliotangulia, maana mbwa na wapita njia wanafika kabla ya gari.

Vifungashio navyo vina kazi yake. Chana boksi. Futa jina la mgonjwa kwa wino. Chupa ya dawa ya maji ing'oe lebo na uitoboe chini, ili isije ikatiwa mafuta ya taa au sumu ya panya jikoni kwa mtu. Watoto wengi wanaokunywa mafuta ya taa hunywa kutoka kwenye chupa iliyowahi kuwa na kitu kitamu.

Krimu na mafuta yaliyobaki kwenye tyubu usiyakamue. Funga tyubu ilivyo, iingize kwenye tope lile lile. Plasta za dawa zinazobandikwa ngozini zikunje, upande wa gundi ndani, kwa sababu hata iliyotumika bado ina dawa nyingi.

Utajua umefaulu: ukitikisa ndoo, huwezi kusikia kidonge kikigonga, na ukiiinamisha haivuji.

## Hatua ya 5: Sindano, visindano vya kupimia sukari na nyembe

Hapa ndipo ninapoomba subira yenu zaidi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, kwa hiyo sindano ya Jumatatu bado ni hatari kwa kijana anayebeba taka Jumamosi.

1. Chukua ile chupa ya jiki iliyo tupu na kavu. Andika pande zote mbili: SINDANO, HATARI. Mwenye kisukari aiweke pale pale anapojichomea, juu ya uwezo wa mtoto. Ikiwa stoo, haitatumika.
2. Ukimaliza kuchoma, ingiza sindano mara moja, ncha ikitangulia. Usiikunje, usiivunje. Usijaribu kurudisha kifuniko kwenye sindano uliyomchoma mtu mwingine. Watu wengi hujichoma kidole katika kitendo hicho.
3. Peni ya insulini, fungua sindano yake na uiingize. Visindano vya kutoboa kidole navyo humo humo, hata kama havionekani kuwa na damu. Vipande vya kupimia sukari havina ncha, hivyo vifungie karatasi na viende taka za kawaida.
4. Ikifika robo tatu, acha. Usisukume kwa kidole ili iingie moja zaidi. Funga kifuniko na kukizungushia selotepu.
5. Ipeleke kliniki ya kisukari unakochukulia dawa, uombe waiunganishe na maboksi yao ya njano ya sindano. Uliza mapema, chupa ikiwa nusu, ili ujue kama wanapokea.

Kijijini, zahanati ikiwa mbali na hakuna anayepokea, njia inayokubalika ni kuzifungia ndani ya saruji: koroga saruji na mchanga iwe laini kama uji, mimina ndani ya chupa yenye sindano mpaka ijae, iache igande kabisa, kisha ifukie kwenye shimo la taka. Sindano iliyo ndani ya jiwe haimchomi mtu hata shimo likija kufukuliwa.

Nyembe na vichwa vya mashine za kunyolea viende kwenye kopo la maziwa. Toboa tundu jembamba kwenye kifuniko, kibane kwa selotepu, na wembe uingie bila kopo kufunguliwa tena. Kopo moja linachukua nyembe za nyumba kwa muda mrefu sana. Usifungie wembe kwenye karatasi tu; karatasi ikilowa, makali yanatoka.

Utajua umefaulu: unaweza kuibana chupa kwa mikono miwili bila glavu na usihofu kitu.

## Hatua ya 6: Kipimajoto cha zebaki na mafuta ya kujichubua

Mkataba wa Minamata ulizitaka nchi wanachama kuacha kutengeneza na kuingiza vipimajoto vya zebaki kufikia 2020, lakini vya zamani bado vimo makabatini. Kimoja kina takriban nusu gramu hadi gramu moja na nusu ya zebaki. Kikiwa kizima, kitie kwenye chupa ya kioo iliyojazwa karatasi laini, funga, andika ZEBAKI, na ukipeleke hospitali.

Kikivunjika: watoe watoto na wanyama chumbani, fungua madirisha, funga mlango wa ndani. Vua pete na bangili za dhahabu, maana zebaki inakula dhahabu. Vaa glavu. Sukuma matone yakutane kwa kadi mbili ngumu, yanyonye kwa bomba la sirinji lisilo na sindano, uyatie kwenye chupa ya kioo yenye maji kidogo. Vipande vidogo vinase kwa selotepu. Kila kilichogusa zebaki kifungwe pamoja.

Usifagie. Ufagio unapasua tone moja kuwa mamia, na kila tone linatoa mvuke usioonekana wala kunuka. Mvuke huo ndio unaodhuru ubongo na figo. Usimwage kwenye sinki na usifue nguo iliyolowa zebaki. Acha madirisha wazi siku nzima.

Sasa krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi zina zebaki, na lebo huitaja kwa majina ya kigeni: tafuta *mercury*, *Hg*, *calomel*, *mercurous chloride*, *mercuric iodide* au *ammoniated mercury*. Dalili nyingine ni onyo la kutoruhusu krimu iguse dhahabu, fedha au aluminiamu. Na mkorogo uliochanganywa dukani ukauzwa kwenye kopo lisilo na lebo uhesabu kuwa nao una sumu, kwa sababu huna namna ya kujua.

Usiichome krimu hiyo. Moto unageuza zebaki kuwa mvuke na mnaokaa karibu mnaivuta. Usiioshe bafuni wala kuitupa chooni. Funga kopo, liweke ndani ya chombo kingine kinachobana, andika ZEBAKI, na uulize ofisi ya TBS (kwa Tanzania ndiyo inayosimamia vipodozi), NEMC (wasimamizi wa mazingira) au afisa afya pa kulikabidhi. Kenya uliza NEMA (wasimamizi wa mazingira wa huko) au afisa afya ya umma wa kaunti. Taulo na foronya zilizokuwa zikipata krimu hiyo kila siku nazo zina mabaki. Zitenge na zisipewe mtoto.

Utajua umefaulu: zebaki yote iko ndani ya kioo kilichofungwa, na hujafanya chochote kilichohitaji ufagio, moto au bomba la maji.

## Hatua ya 7: Pedi, pampasi na vitambaa vya kufutia

Pedi na pampasi zina chembe zinazonyonya maji na kuvimba mara nyingi ya ukubwa wake. Kwenye bomba zinageuka kizibo. Kwenye shimo zinakaa miaka, zinalijaza mapema, na gari la kunyonya likija mpira unaziba, hivyo mtu analazimika kuzivuta moja moja kwa fimbo yenye ndoana. Choo kikijaa na hakinyonyeki, mvua za masika zikifika watu wanakitapisha mtaroni, na kipindupindu kinafuata maji.

Vitambaa vya kufutia vyenye maji, hata vilivyoandikwa kuwa vinaweza kutupwa chooni, fanyia vivyo hivyo. Vingi ni nyuzi za plastiki.

Kunja pedi kwa ndani, ifunge kwa karatasi au gazeti, itie kwenye ndoo yenye kifuniko iliyo ndani ya choo. Ndoo isipokuwepo chooni, mwanamke au binti hana pa kuiweka isipokuwa shimoni, kwa hiyo hili ni jukumu la mwenye nyumba na la shule. Pampasi yenye choo kikubwa, mimina choo kwanza chooni kisha kunja. Ondoa ndoo kila siku wakati wa joto. Kondomu iliyotumika ifunge fundo, izungushie karatasi, nayo iende humo humo.

Ukitaka kupunguza mzigo kabisa, pedi za kitambaa zinazofuliwa na vikombe vya hedhi vinafanya kazi vizuri panapokuwa na maji safi, sabuni na jua la kuanikia. Pasipo maji ya kutosha, usijilazimishe.

## Hatua ya 8: Vipodozi, dawa za nywele na manukato

Kilicho bora ni kukimaliza. Losheni isiyopita muda ambayo hukuipenda, mpe anayeipenda. Asetoni na rangi za kucha zinazofaa wapelekee saluni, watazitumia.

Dawa ya kulainisha nywele ina magadi makali, na kopo lililoachwa wazi linaunguza koo la mtoto kwa mlambo mmoja. Funga kopo, zungushia selotepu, fungia gazeti, tupa na taka. Usilioshe ili utunzie chumvi au sukari.

Rangi ya nywele iliyochanganywa usiirudishe kwenye chupa na kuifunga. Inaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Imimine kwenye udongo mkavu, iache wazi nje mpaka ikauke, kisha tupa.

Piko, yaani rangi nyeusi ya kujichora mwilini. Wapwani mnaelewa, baada ya harusi pakiti za unga mweusi hubaki chini ya mkeka. Nyingi zina PPD, kemikali kali ya rangi, na mtu akiimeza uso na koo huvimba mpaka pumzi ikaziba, kisha figo zinafeli. Kusanya pakiti zote usiku huo huo, hata zenye vumbi tu, uzichanganye kwenye ndoo ya udongo ya hatua ya 4.

Rangi ya kucha iliyokauka nusu: fungua chupa, iache nje mbali na jiko na watoto mpaka igande, halafu itupe.

Manukato: chupa nzuri ya manukato hujazwa tena na kuuzwa kama mpya. Kwangua lebo kabla ya kuitupa.

Chupa za shampuu na losheni zenye namba 1 au 2 ndani ya pembetatu zinanunuliwa na wakusanya plastiki. Zisuuze, zifunge, mpe mwokota chupa wa mtaani mkononi. Kwake ni pesa safi, na anaepuka kuingia jalalani kuzitafuta.

## Hatua ya 9: Makopo ya kupuliza na betri

Deodoranti, dawa ya mbu na dawa ya nywele za kupuliza: pulizia nje mpaka isitoke kitu, usitoboe, na kamwe lisiingie kwenye moto. Mlipuko wake unarusha bati usoni.

Betri bapa za vipimo vya sukari na vifaa vya kusikia zibandike selotepu pande zote mbili mara tu unapozitoa. Zisikae mezani hata dakika. Mtoto akimeza, koo linaweza kuungua ndani ya saa 2. Zikusanye kwenye chupa kavu na uzipeleke kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki au duka la simu linalozipokea.

## Hatua ya 10: Kama hakuna gari la taka

Chimba shimo moja la kudumu, angalau mita 30 kutoka kisima au mto, na mahali ambapo chini yake bado kuna angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji. Usichague bonde linalotuamisha maji wala mahali pa kulima. Vyombo vyako vilivyofungwa viingie humo, kila safari tupia udongo juu. Weka uzio wa miiba. Taka za karatasi na majani unaweza kuzifanyia njia yako ya kawaida, lakini zichambue kwanza, ili plastiki za dawa na makopo visije vikaingia motoni kwa bahati mbaya.

## Ajali ikitokea

Umechomwa na sindano ya mtu: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usitie jiki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaombe dawa za kujikinga na VVU. Zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa inapunguza nafasi. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B.

Mtoto amemeza dawa, piko, dawa ya nywele au betri: usimtapishe, na usimpe maziwa au mafuta ya kula kwa kudhani yataua sumu. Chukua chombo alichomezea, hata kama ni kipande cha pakiti, mkimbie naye hospitali. Daktari atauliza mambo matatu: amemeza nini, kiasi gani, saa ngapi.

Dawa au kemikali imeingia jichoni: osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, ukifungua kope kwa vidole, ndipo uondoke kwenda hospitali.